BARAFU ZA UZI MWEKUNDU

Ilikuwa ya tatu!

Wiki iliyopita tulimwacha Modesta mlangoni kwake, stuli mbili mikononi, macho yamemtoka. Mbele yake, kwenye benchi la baraza, Mzee Ndalahwa alikuwa anafyonza barafu. Ndiye mzee wa kanisa mwenye sauti kubwa kuliko kengele. Miguuni pake vilikuwa vimeanguka vifuko viwili vitupu, na cha tatu kilikuwa mdomoni.

Vyote vilikuwa vya uzi mwekundu.

Kama hukuwa nasi, sikia kwa kifupi. Nyumbani kwa Modesta, juu ya mawe ya Igogo, friza hukaa barazani. Mtaa mzima una desturi nayo: ukishikwa na kiu unafungua mwenyewe, unachukua barafu yako ya ubuyu, shukrani unaiacha kwenye kopo, unakwenda zako. Barafu hizo hufungwa kwa uzi mweupe.

Za uzi mwekundu ni nyingine. Ndani yake mna ubuyu, nanasi, tangawizi na kizibo kimoja cha pombe kali. Ni za watu wazima, ni za oda, na hazikai barazani hata siku moja. Hukaa kwenye friji ya jirani yake, Hellen.

Lakini Alhamisi ile umeme wa luku wa Hellen uliisha alfajiri. Barafu arobaini za kicheni pati ya Jumamosi zikaanza kutoa jasho. Modesta akazihamishia kwenye friza ya barazani. "Ni saa mbili tu," alijiambia. Hakuandika kitu juu yake. Hakufunga kufuli.

Na katika saa hizo mbili kanisa likawatuma Mzee Ndalahwa na Mama Teodora, mwenyekiti wa akina mama, waje wakague kama ni kweli Modesta, mwimbaji wa kwaya, anapika gongo.

"Binti," alisema Mzee Ndalahwa, akiinua kifuko juu kana kwamba yuko mimbarani, "barafu hii umeitengenezaje?"

"Mzee wangu, hiyo..."

"Usinikatize. Mimi nimekula barafu za mji huu tangu enzi za kupanga foleni ya sukari. Leo ndiyo mara ya kwanza barafu inanishuka mpaka kwenye nyayo. Barafu hii ina upako!"

Mama Teodora hakuwa amekula. Alikuwa amefunga siku hiyo, na tangu asubuhi alikuwa amehakikisha kila mtu anajua.

"Mzee, tumekuja kukagua, hatukuja kula," alisema.

"Ndiyo nakagua! Andika, Mama Teodora. Tumefika, tumeona, tumeonja. Hakuna pombe katika nyumba hii."

"Hata jikoni hatujaingia!"

"Jikoni nifuate nini? Nimeshaonja kazi ya mikono yake. Andika!"

Stuli zilimponyoka Modesta zikaanguka sakafuni.

Wiki tatu alikuwa akipiga magoti kila alfajiri, akimwomba Mungu amfungulie mlango wa kutoka kwenye uvumi ule wa gongo. Wiki tatu za kunyooshewa vidole sokoni, za wanakwaya wenzake kusogea pembeni akikaa. Sasa mlango ulikuwa umefunguka wenyewe, na mtu aliyeufungua ndiye aliyetumwa kuufunga! Alichotakiwa kufanya ni kunyamaza tu.

Bwana, aliomba kimoyomoyo, ndio mlango wenyewe huu?

"Tena," alisema Mzee Ndalahwa, akilamba kona ya kifuko, "nifungie ishirini. Kwaya ina mazoezi saa kumi na jua hili litawaua. Hizi hizi za uzi mwekundu. Nyeupe waachie watoto."

Modesta alimwona Yakobo.

Yakobo hakuwepo pale, lakini alimwona waziwazi. Yakobo mpiga kinanda, miezi kumi na minne tangu aache pombe, anayesimama kila Jumapili ya kwanza ya mwezi kumshukuru Mungu huku mikono ikitetemeka. Alimwona akipokea barafu kutoka kwa mzee wa kanisa, akisema asante baba, akiitia mdomoni.

Jibu lilikuwa limekuja.

"Hapana," alisema.

"Hapana nini?"

"Hazitoki hapa, Mzee. Zina pombe."

Mama Teodora alisimama. Mzee Ndalahwa hakusimama. Alikitazama kifuko alichoshika. Akavitazama viwili vilivyokuwa miguuni pake.

"Zote tatu?" aliuliza taratibu.

"Zote tatu."

"Umeniwekea sumu!"

"Sikukuwekea, Mzee wangu. Umefungua kwa desturi ya hapa, kama kila mtu. Kosa ni langu, maana nilijua kilichomo na sikuandika, wala sikufunga. Kwa hilo nakuomba radhi."

Alipiga magoti palepale barazani, magoti yote mawili, kama mwanamke wa Kisukuma anavyofanya kwa baba yake. Akakaa hivyo mpaka alipoona bega la mzee limelegea kidogo.

Kisha akasimama, akakung'uta vumbi.

"Lakini kwa kuzitengeneza," alisema, "siombi radhi kwa mtu."

"Mmemsikia?" Mama Teodora alipaza sauti, ingawa hapakuwa na wa kumsikia ila mijusi juu ya mawe. "Gongo! Nilisema mimi!"

"Ingia jikoni, mama. Uone mwenyewe kama kuna gongo."

"Naingia! Mzee, twende."

Mzee Ndalahwa alijivuta, akaegemeza mgongo kwenye friza, akakunja mikono kifuani.

"Mimi siingii katika nyumba yenye pombe," alisema. "Nabaki hapa hapa."

*

Jikoni kulinukia mchaichai.

Mama Teodora alifungua sufuria. Alinusa ndoo. Aliinama chini ya meza kutafuta mtungi na mrija. Alikuta chujio, mananasi sita ya Sengerema, bakuli la ukwaju uliolowekwa, na chupa mbili za dukani, stempu ya kodi bado iko shingoni.

"Hivi ndivyo unavyowafundisha wake za watu?"

"Wanaotaka. Wanakuja Jumatano, wanane. Wanajifunza kukaribisha wageni kwao badala ya kuwafuata waume baa. Hiki kinaitwa Kamanga." Alionyesha jagi la manjano. "Nanasi, tangawizi, mchaichai, barafu nyingi, vizibo viwili kwa jagi zima. Na hiki ni Busisi. Ukwaju mzito, pilipili kidogo, chumvi chembe tatu."

"Kwa nini Busisi?"

"Zamani ilikuwa inachelewa kukupata, kama kivuko cha Busisi. Siku hizi daraja limefunguliwa, ukinywa tu umefika."

Mdomo wa Mama Teodora ulitaka kucheka. Aliubana.

"Na chumvi ya nini?" aliuliza, kisha akajikasirikia kwa kuuliza.

"Inaamsha ukwaju. Bila chumvi ukwaju unalala." Modesta alisogeza sinia lililofunikwa kitambaa. "Hapa ni vipande vya maembe, vimelala usiku mmoja katika mvinyo. Na keki ya tende. Tende zilikaa kwenye brandi wiki tatu. Ukiioka, ukali unapungua, harufu inabaki."

"Pombe ni pombe!"

"Ni pombe, mama. Sikatai. Ila ninajua kiasi chake. Pombe ikizidi, barafu haigandi, inabaki laini kama uji. Friza ndiyo mzani wangu. Isiyoganda naimwaga."

"Usituletee mambo ya harusi ya Kana hapa!"

"Mimi sijaitaja. Umeitaja wewe."

Mama Teodora aliketi ghafla juu ya gunia la mkaa. Aliposema tena, sauti yake haikuwa ile ya mwenyekiti.

"Kaka yangu Masalu alianza na kizibo, Modesta. Kizibo kimoja. Nilimwokota kwenye mtaro wa Mabatini mara ngapi? Mara ya mwisho nilimwokota amekwisha poa. Wewe unaniambia mzani?"

Modesta aliinamisha kichwa. Hili halikuwa la kujibu kwa ulimi mwepesi.

"Nilimwimbia makaburini, mama. Ninakumbuka. Ndiyo maana nimesema ukweli pale nje, wakati uongo ungeniokoa. Barafu yangu haiendi kwa mtu asiyejua, wala kwa mtu isiyemfaa. Mtu kama Masalu angekuja hapa, ningempa ya uzi mweupe na ningekaa naye mpaka aimalize."

Modesta akadhani wameelewana.

Hawakuelewana. Mama Teodora alisimama, akafunga kanga yake upya, na mwenyekiti akarudi.

"Jumapili," alisema. "Mbele ya kanisa zima. Utasimama, utaitubu kazi hii, na utaahidi kuiacha. La sivyo joho la kwaya utalivua palepale na Meza ya Bwana utaitazama kwa mbali. Chagua."

Msomaji, joho lile halikuwa kitambaa tu. Modesta aliingia kwaya akiwa na miaka thelathini na moja, hajui a wala be. Alijifunza kusoma kwa kufuata kidole cha mwenzake kwenye daftari la nyimbo, silabi baada ya silabi, mazoezi ya jioni kwa miaka miwili. Neno la kwanza alilosoma peke yake maishani lilikuwa "Neema". Alilia mpaka mwalimu wa kwaya akasitisha wimbo. Miaka kumi na tisa ilikuwa imepita, na bado kila akilivaa joho lile hukumbuka kwamba aliingia humo kipofu akafunguliwa macho.

"Nimesikia, mama," alijibu.

Walipotoka barazani, Mzee Ndalahwa alisimama haraka. Alifuta masharubu kwa leso, mkono mmoja mfukoni.

"Mzee wangu, safari njema," alisema Modesta.

Mzee aliitikia kwa kichwa tu. Akatangulia kushuka mawe, hakugeuka.

Modesta alifungua friza kuurudisha mzigo kwa Hellen. Akahesabu barafu za uzi mwekundu. Thelathini na sita. Akahesabu tena. Arobaini ukitoa tatu ni thelathini na saba, hata kwa mtu aliyesoma ukubwani.

Labda nilikosea wakati wa kufunga, aliwaza. Akaiacha hesabu.

*

"Hama!" Hellen alimwambia Ijumaa, wakifunga bidhaa. "Makanisa yamejaa mji huu kama mawe. Vuka barabara tu, utakuta jingine."

"Sikuja kwa sababu ya jengo."

"Basi tubu kwa mdomo. Sema nimeacha, Jumatatu tunaendelea. Nani atajua?"

"Hellen, nikimdanganya Mungu mbele ya watu, Jumapili inayofuata nitamwimbia nini?"

Hellen alimpokonya kalamu ya wino mzito.

"Unaandika nini kwenye kila kifuko?"

"INA POMBE. WATU WAZIMA TU."

"Vyote thelathini na sita?"

"Vyote. Na kesho nitavitangaza kwa mdomo pia kabla mtu hajanyoosha mkono."

Na ndivyo alivyofanya Jumamosi, kwenye bustani ya kando ya ziwa kule Ilemela. Alisimama mbele ya akina mama sitini, akanyoosha kifuko juu, akasema wazi kilichomo, nani asile, na kwamba meza ya pili ina za uzi mweupe tamu vilevile. Wengine walikwenda meza ya pili bila aibu. Wengine walibaki. Bibi mmoja wa kutoka Magu alikula moja, akavunja kiuno mbele ya ngoma, akauliza kama na yeye anaweza kujiunga na darasa la Jumatano.

Modesta alicheka kwa mara ya kwanza ndani ya wiki tatu. Kisha akatazama ziwa, akakumbuka kesho yake.

Usiku ule hakuomba aokolewe. Aliomba asitetemeke.

*

Kanisa lilijaa mpaka madirishani. Habari ya aibu haihitaji tangazo.

Modesta alikaa mahali pake, safu ya pili ya sauti ya kwanza, joho limepigwa pasi mpaka linang'aa. Mwimbaji wa kulia alikuwa amesogea. Wa kushoto naye alikuwa amesogea. Akaimba nyimbo zote mbili za kufungulia ibada bila kukosa neno.

Mchungaji Nestory, mtu mpole asiyependa makelele, alivua miwani akaifuta muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Dada Modesta," alisema. "Pita mbele. Kanisa linakusikiliza."

Alipita. Viatu vyake vililia sakafuni, kwi, kwi, kwi.

"Bwana asifiwe," alianza.

"Amina," wakaitikia wachache.

"Bwana asifiwe!"

"Amina!" Sasa walikuwa wengi. Mazoea ni mazoea.

"Nimekuja kutubu. Siku ya Alhamisi niliweka barafu zenye pombe mahali ambapo kila mtu hufungua. Nilijua, na sikuandika. Mzee wangu Ndalahwa akala asichokijua. Mkono wa mtoto ungeweza kufika mle. Mkono wa mtu anayepigana na pombe ungeweza kufika mle. Hilo ni kosa, na nililala nalo vibaya. Nimetubu kwa Mungu, nimetubu kwa Mzee, na sasa natubu kwenu. Halitarudiwa."

Minong'ono ya amina ilipita kanisani. Mchungaji Nestory alipumua, uso ukamchangamka.

"Haleluya. Na kazi yenyewe, dada? Unaiacha?"

"Kazi siitubu, Mchungaji."

"Modesta!" Mama Teodora aliinuka kwenye kiti cha mbele.

"Niacheni nimalize, kisha mnihukumu. Sijawahi kulewa. Simpi mtoto. Simpi mlevi, na wapo humu ndani niliowarudisha mlangoni kwangu, wananijua. Sipiki gongo. Nachanganya matunda ya kando ya ziwa hili na kizibo kimoja, nawafundisha wanawake kukaribisha watu kwa heshima. Mimi nimeuliza kwa magoti, miezi na miezi, kama hii ni dhambi. Sikusikia ndiyo. Nitasema uongo hapa mbele ili nipendeze?"

"Basi joho!" alisema Mama Teodora.

"Joho ni la kanisa, mama. Lichukueni." Vidole vyake vilishika kifungo cha juu. Havikutetemeka. "Nitakaa benchi la nyuma kabisa, karibu na mlango. Na mkiimba, nitaimba. Joho mlinipa ninyi. Sauti nilipewa na mwingine, na hamna mahali pa kunivulia."

Kifungo cha kwanza kilifunguka. Cha pili. Kwenye kinanda, Yakobo aliinamisha kichwa mpaka paji likagusa vidole. Mama Teodora alinyoosha mikono kupokea joho, na mikono yake ndiyo iliyokuwa inatetemeka.

Mkono mmoja wa Modesta ulikuwa umeshatoka kwenye joho.

"Subirini!"

Sauti ilitoka benchi la wazee. Hakuna asiyeijua. Mzee Ndalahwa alikuwa amesimama, koti lake la mzee wa kanisa limefungwa mpaka juu licha ya joto.

"Mzee, keti tu," alisema Mchungaji kwa upole. "Wewe ndiye uliyekosewa. Ulikula tatu bila kujua. Hakuna anayekuhukumu."

"Hapo ndipo penye shida, Mchungaji."

Alitembea mpaka mbele. Alitumbukiza mkono mfukoni, akaanza kuweka kitu juu ya meza, taratibu, kimoja baada ya kingine. Waliokaa mbele walinyoosha shingo. Vilikuwa vipande vya uzi mwekundu.

"Moja," alisema. "Mbili. Tatu."

Kanisa likashusha pumzi. Walijua hesabu hiyo.

Mkono wa Mzee ulirudi mfukoni.

Modesta, joho likining'inia bega moja, alikumbuka friza. Akakumbuka benchi, na mgongo ulioegemea, na ile sauti ikisema nabaki hapa hapa. Thelathini na sita! Hakukosea wakati wa kufunga.

"Nne," alisema Mzee Ndalahwa, akauweka uzi wa mwisho juu ya meza. "Tatu za kwanza nilikula sijui. Hii niliila najua. Nilikuwa nimeshaambiwa kwa kinywa cha huyu binti, aliyeweza kunyamaza akapona. Nikangoja waingie jikoni. Nikafungua friza. Siku tatu nimebeba uzi huu nikitafuta ujasiri alionao huyu ng'wanawane, mtoto wangu."

Mchungaji Nestory alivaa miwani, akaivua tena.

Mzee alimgeukia Mama Teodora, ambaye mikono yake ilikuwa bado imenyooshwa kupokea.

"Mama Mwenyekiti, kama leo ni siku ya kuvuana nguo za Bwana, mrudishie binti mkono wake kwenye joho," alisema, "kisha upokee koti la mkosaji kwa zamu yake."

Na mbele ya kanisa zima, Mzee Ndalahwa akaanza kufungua vifungo vya koti lake.